Dakika Sita

Waziri alikuwa ameshapiga kura, lakini miguu ilikataa kutoka kituoni. Kwenye benchi la waangalizi wa uchaguzi walikaa watu wake wa zamani. Baada ya kuacha kiwanda chake cha sabuni, aliwaongoza waangalizi hao miaka tisa, wakinywa chai ya chupa moja. Tangu ateuliwe serikalini, hakuna aliyempigia simu hata kumjulia hali.

“Hamjambo, wanangu? Chai bado mnaitia sukari kama ya harusini?”

Mama Kalamu, mkuu wao, alicheka kidogo. Kisha akatazama saa ya ukutani, akafungua daftari.

“Unaandika nini, mama?”

“Mzee, usinitie majaribuni. Ulitufundisha mwenyewe: kiongozi akishapiga kura, atoke. Asipotoka aandikwe, hata akiwa baba yako.”

Waziri alichungulia daftari. *Waziri, dakika nne.* Maneno hayo yangetosha kumng'oa kwenye kiti cha uwaziri.

Benchini palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyesogea.

Waziri akaweka kidole chenye wino mbichi juu ya daftari.

“Kata hiyo nne.”

Mama Kalamu akainua uso, macho yamemtoka.

“Andika sita,” Waziri alisema. “Kabla hamjaniona nilisimama pale mlangoni dakika mbili, nikiwatazama.”