Vitanda vya Siku Moja

"Soma tena pale wanapobeba vitanda," Mheshimiwa Ogeto alisema.

Mwalimu Masese akasoma tena. Katika mchezo huo kiongozi anafungua wodi ya kujifungulia kwa utepe na keki. Vitanda ishirini vimetandikwa shuka nyeupe, picha zinapigwa, watu wanashangilia. Jioni lori linavirudisha vitanda kwenye bweni la shule vilikoazimwa. Wiki tatu baadaye mama anakuja kujifungua, anatandikiwa katoni sakafuni, na mtoto anakufa.

Ogeto alilijua lori hilo vizuri. Alilikodi mwenyewe mwaka jana, hapa hapa Ekerenyo, na alidhani amefunga kila mdomo.

"Bosire amekupa nini?"

Bosire ndiye aliyekinyemelea kiti chake katika bunge la kaunti, na uteuzi wa chama ulibakiza wiki mbili. Mchezo huu ukionyeshwa sokoni Jumapili, kiti kimekwenda.

"Bosire sijaongea na yeye. Na si mimi nimeandika, Mheshimiwa. Mimi nilinyoosha Kiswahili tu."

"Nani ameandika?"

"Niliahidi sitasema."

Ogeto alicheka kicheko cha kumtia mtu baridi. Akamweleza, taratibu, kwamba barua ya uhamisho inaweza kumkuta darasani kesho, impeleke mahali ndizi haimei. Kwamba mkewe anauza mitumba kwenye kibanda ambacho kaunti inaweza kukibomoa kabla ya chai ya saa nne. Mwalimu alilifunga daftari la mchezo, akalikumbatia kifuani. Alichukiza kweli kweli, mtu mwembamba hivyo, sweta imetoboka kiwiko, na bado ana kiburi! Ogeto akalinyakua daftari na kulichana vipande viwili.

"Nakala zipo," Masese alisema. "Na kama unataka kumjua mwandishi, kuja Jumapili. Nafasi ya mama ataicheza mwenyewe. Hajafanya mazoezi na sisi hata siku moja. Anasema hahitaji."

Kumbe ni mwanamke. Ogeto alifurahi. Wa kukodiwa kutoka Kisii mjini, bila shaka, na huyo atamalizwa hadharani.

Nyumbani mkewe Orpah alimwandalia ugali na mboga, akasimama pembeni.

"Baba Haron, achana na huyo mwalimu. Wacha watu wacheze mchezo wao."

"Hata wewe?"

Mwaka ulikuwa umemwendea vibaya vya kutosha. Mjukuu waliyemngoja hakukaa duniani, na alipoletewa habari aliinamisha kichwa tu, akarudi kwenye mikutano yake. Mambo ya uzazi wa mkaza mwana si ya baba mkwe wa Kikisii kuuliza. Hata kizingiti cha nyumba ya mwanawe Haron hakuwahi kukivuka tangu kijana aoe, na alijivunia kushika adabu. Sasa chama kilimtazama kwa jicho la kando, na mezani kwake mwenyewe adui alikuwa na wakili.

"Utakuja Jumapili?"

"Siendi. Sitaweza kuketi hapo nikiangalia," Orpah alisema, akaondoa sahani kabla mumewe hajamaliza.

Jumapili Ogeto alikaa mstari wa mbele, kofia kichwani. Nyuma yake walikaa vijana kumi aliowapa chakula cha mchana na maagizo.

"Huyo mama akitokea, nikivua kofia, pandeni. Mburuteni hadi hapa mbele watu wamwone."

"Na akiwa mtu tunamjua, mkubwa?"

"Mtu mnamjua atakubali kulala chini mbele ya soko zima?"

Keki ilikatwa, vitanda vikaingia, vitanda vikatoka. Soko lilicheka mpaka watu wakashikana mabega, na kila aliyecheka alimtupia jicho Ogeto. Aliapa moyoni kwamba Masese atajuta kuzaliwa.

Kisha mama akaingia, amejifunika leso kichwani hadi kifuani, akajilaza juu ya katoni. Kicheko kilikatika. Mguno aliotoa haukuwa wa kuigiza. Wanawake waliosimama nyuma walianza kulia, mmoja, wawili, halafu kundi zima, na Ogeto akawachukia wote. Machozi hayo yalikuwa kura zake.

Akavua kofia.

Vijana waliruka jukwaani. Mmoja alimshika mama mkono, mwingine akaishika leso akaivuta. Ghafla wakamwachia. Wakarudi nyuma, wakashuka mmoja mmoja, macho chini, na hakuna hata mmoja aliyemtazama Ogeto.

"Mnaogopa nini, nyinyi?" alifoka. Akapanda mwenyewe, akamsukuma Masese aliyejaribu kumzuia, akasimama juu ya katoni na kidole hewani.

"Nani amekutuma?"

Mama akainua uso. Alikuwa Emily, mke wa Haron.

"Tata, baba yangu," alisema, na soko zima likasikia, "hukuwahi kuuliza nilijifungulia wapi."