Njia ya Machela

Ko! Ko! Kibwana alisikia jembe likigonga mawe kabla hajafungua mlango.

Alipotoka, alimkuta mama mkwe wake akichonga ngazi kwenye njia ya mlimani iliyobomolewa na mvua. Machela ya kumbeba mgonjwa isingepita pale, na mkewe alikuwa karibu kujifungua.

"Shikamoo, mama. Acha tu, mwenyekiti kasema katapila linakuja."

"Marahaba, baba. Na mtoto je, tumwambie alisubiri?"

Wanaume waliokaa barazani kwa jirani wakaangua kicheko. Kibwana hakucheka. Aliona damu ikichuruzika kutoka kiganjani mwa mkwewe, ikilowesha mpini.

Akalipokea jembe kwa mikono miwili.

"Kapumzike, mama. Jua halitazama kabla sijaifikisha ngazi hii barabarani."