Mwonjaji Wangu

Sheria inasema dawa mpya ya uboho haifiki kinywani mwa mgonjwa kabla ndugu yake mzima hajaionja. Mwili wa ndugu ukistahimili, dozi ya mgonjwa inapandishwa. Asiye na mwonjaji hapewi kitu, na ugonjwa wangu hauna dawa nyingine.

Mwonjaji wangu ni dada Mwantumu. Mtaa mzima unamsifu, na mimi humwombea dua kila swala. Asubuhi huingia jikoni na vidonge vyake, kisha hutoka uani kuwatupia kuku mabaki ya ugali. Yeye ananawiri. Mimi kila dozi ikipanda fizi hutoka damu, na siku hizi hata sufuria tupu inanishinda kuinua. Nilidhani ubovu ni wa mwili wangu.

Leo alikuwa bado bafuni, nikaenda kuwalisha kuku mimi. Jogoo alikuwa amejilaza ukutani, hawezi kusimama. Upanga wa kichwani mwake, uliokuwa mwekundu kama pilipili, umepauka kama viganja vyangu. Nikalivunja tonge la ugali lililokuwa kwenye sahani ya mabaki aliyoiandaa dada. Ndani kulikuwa na kidonge.

"Dada yako ana mwili wa chuma," Daktari Kiwelu alisema mchana kliniki, akifurahi. "Tunapandisha tena."

Nikisema, nimekosa mwonjaji na dawa pia. Nikamtazama Mwantumu, aliyeketi kando yangu. Akanishikia glasi ya maji, akanifuta jasho kwa ncha ya kanga yake.

"Meza, mdogo wangu," akasema. "Mimi nimeshakutangulia."