Alama ya Dole Gumba

Msasa ulikuwa umeshapita mara tatu nilipogundua ninachokifuta.

Kilikuwa kifaru cha vita cha kuchezea, cha plastiki, kinachoenea kiganjani, ambacho marehemu mdogo wangu alikiacha nusu. Mjane wake alikileta asubuhi, akakiweka mezani kwangu juu ya gazeti. "Kimalizie, shemeji. Ukipake na rangi, kiwe na wenzake."

Kila Jumamosi mimi na mdogo wangu tulicheza mchezo wa vita vya zamani juu ya meza hiyo, kwa vifaru vidogo, dadu na rula. Yeye aliunga vifaru, mimi nilivipaka rangi. Alikuwa na papara. Gundi aliimwaga kama fundi anayemwaga zege, na gundi ile huyeyusha plastiki, basi kila kifaru kilinifikia na alama ya dole gumba lake ubavuni.

"Mzee wa Madole!" nilimtania, huku nachukua msasa.

"Achana nayo, kaka. Rangi itaficha."

"Rangi haifichi kitu," nilimjibu, nikasugua mpaka pakawa laini.

Vifaru ishirini na sita vimo kabatini, safi, havina hata doa.

Nilikiinua hiki dirishani. Upande wa kushoto mistari ya dole lake ilionekana bado. Kulia palikuwa laini kama ganda la yai.

"Kinaendeleaje?" shemeji aliuliza akiwa mlangoni.

"Vizuri tu."

Vumbi la kijivu lilikuwa limetulia kwenye gazeti. Niliinama nilipulize, kama kawaida yangu.

Nikafunga mdomo kabla pumzi haijalifikia.