Bangili ya Kubebeana Maumivu

Nanzia alikuwa amechoka kuambiwa haumwi. Mwaka mzima unyayo wake wa kushoto uliwaka kama umekanyaga makaa, vidole vikafa ganzi, lakini kila kipimo kilisema mguu ni mzima. Sheria ikamwachia njia moja: mtu wa nyumbani kwake avae bangili na kuyabeba maumivu hayo mpaka jioni, ili daktari ayasikie kwa kinywa kingine.

Mumewe Mrindoko, bingwa wa kusema "jikaze kidogo", aliivaa akicheka. Kicheko kikamkauka.

"Mama Ombeni! Hivi ndivyo unavyosimama jikoni?"

"Na kufulia," alijibu Nanzia, akirukaruka kwa mguu ule ule, ambao sasa haukumuuma tena.

Mbele ya daktari, Mrindoko alipiga kelele. "Si kwenye unyayo, daktari! Yanaanzia kiunoni huku!"

Nanzia alishangaa. Maumivu ya kiuno alikwisha kuyazoea, hata hakuwahi kuyataja. Daktari akambonyeza Nanzia mgongoni, akatabasamu. "Mshipa wa fahamu umebanwa. Kwa dawa na mazoezi, miezi michache tu utapona."

Walirudi nyumbani kwa shangwe. Nanzia akabandika makande, akawasha redio, akacheza mpaka majirani wakachungulia. Jua lilipozama, Mrindoko alimnyooshea mkono, maana bangili ile hufunguliwa na yule tu ambaye maumivu yalitoka kwake.

"Mama Ombeni, muda umefika."

"Nimesikia, mume wangu," alisema Nanzia kwa upole. "Jikaze kidogo." Akaongeza sauti ya redio.