Mtu wa Ishirini

Wimbo uliokosa wasikilizaji ishirini ukumbini kwa mwezi mzima ulifutwa kila mahali, hata kwenye simu ya mjane. Kwa hiyo Kwamboka hakukosa shoo hata moja ya bendi ya muziki wa metali aliyoiacha marehemu mumewe. Miaka sita alisimama mbele ya spika, magitaa yakinguruma.

Leo, siku ya mwisho ya mwezi, alibembeleza majirani mpaka koo likamkauka. Wakaja kumi na tisa.

"Na mimi, ishirini," alimwambia bawabu.

Mashine ya mlangoni, inayohesabu masikio yanayosikia tu, ilimpima ikawaka nyekundu. Bawabu akatikisa kichwa, midomo ikamchezacheza.

"Unasemaje?" Kwamboka alipaza sauti. "Sema tena, ndugu yangu. Unasemaje?"