Hodi ya Ukutani

Ilani kwa walimwengu wote: Zuwena haogopi kitu. Alivuka bahari kuja kusoma ugenini bila kudondosha chozi. Sasa amejifunika blanketi hadi puani, kwa sababu ukuta wa bweni unabisha hodi.

Ngo, ngo.

“Karibu,” akajibu, kama walivyozoea kwao. Hakuingia mtu. Ukuta ukabisha tena.

“Mama, narudi nyumbani,” akalia kwenye simu. “Masomo basi!” Akakimbilia chumba cha pili, simu bado mkononi, kuomba msaada, na huko akanikuta mimi, jirani yake, nagonga ukuta kwa kijiko.

“Naungama, dada.”

“Mshenzi mkubwa we!” Akacheka, akaninyang'anya kijiko.

Ngo, ngo. Safari hii ilitoka chumbani kwake, ambako hakukuwa na mtu.

Tukaganda. Kwenye simu, mama yake akaitika kwa adabu: “Karibu!”